Winga na Nyumba ya Mkewe

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema, kwa sababu hapa Amu, mnapopaita Lamu, hata nisiposema wapo wenye kazi hiyo. Ukipita mtaa wa Mkomani baada ya alasiri utawakuta barazani, na wa kwanza kukuona atakueleza habari za Bakr aliyeuza nyumba ya dadake kwa kushindwa kungoja jibu. Watatia chumvi. Mimi nitakupa ilivyokuwa, na chumvi nitatia ya kuonjea tu.

Idarus nimemjua tangu tunacheza pekupeku. Yeye winga wa kushoto, mimi golikipa. Sifa yangu mimi ni moja: siku tuliyocheza na Matondoni nilifungwa saba. Wale ni mafundi wa majahazi, miguu yao mizito kama magogo wanayoyachonga, na bado saba. La saba nilijifunga mwenyewe. Idarus, kwa upande wake, alikwenda Mombasa, kisha Nairobi, kisha klabu moja ya Omani. Jezi ya taifa aliivaa mara nne. Mara ya kwanza tulijazana mbele ya televisheni ya mkahawani mpaka wengine wakasimama nje dirishani. Aliingizwa dakika ya themanini na sita, akagusa mpira mara mbili, nasi tukaishangilia miguso yote miwili kama magoli.

Alirudi na goti lisilokunjika vizuri na mazoea ya kupigiwa makofi. Habari za goti daktari alimwambia. Habari za makofi hakuna aliyemwambia.

Wakati huo alikuwa ameshamuoa dada yangu Asmaa, kwa hiyo alirudi nyumbani kwa Asmaa. Kwetu mwanamume hamchukui mke akampeleka kwake. Mke ndiye mwenye kwake. Baba mwenye uwezo humtengenezea binti nyumba, na bwana arusi huingia na sanduku la nguo. Mimi mwenyewe nakaa kwa mke wangu Mwanaarabu, na kila akikasirika hunionyesha mlango kwa adabu sana, ule mlango wake. Marehemu baba yetu aliitengeneza ile nyumba ya mawe ya Mkomani kwa miaka tisa, ukuta baada ya ukuta, na kabla hajafa alisema mbele ya watu: hii ya Asmaa, na baada ya Asmaa ya binti yake. Watu wote walisikia. Hati ndiyo haikusikia. Hati ilibaki na jina la baba, na msimamizi wa mirathi, kwa karatasi halali kabisa, nikawa mimi.

Biashara ya Idarus ilikuwa barafu. Alinunua mashine akaifunga Mkokoni, kule bara mkabala na Kiwayu, ambako wavuvi walikuwa wakitupa samaki kwa kukosa pa kuwahifadhi. Mpaka leo nasema wazo lilikuwa zuri. Alikuwa na jenereta, alikuwa na boti ya kuleta samaki na kamba mjini. Siku ya kufungua alipigiwa makofi, naye makofi yakampanda kichwani akatangaza kwamba barafu ya wiki ya kwanza ni bure. Wiki ya pili kila aliyekuja na ndoo alikuja na kumbukumbu ya goli. Ukimkumbusha goli lake alikuwa hawezi kukutajia bei. Mzee mmoja alimsifia goli ambalo hakulifunga yeye, akaondoka na magunia mawili.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza.

"Alivyolieleza, shemeji, lilikuwa zuri."

Mwaka wa pili mashine ilikufa, imeliwa na kutu. Wavuvi wakarudi kutupa samaki. Na lililonishangaza ni hili: kabla ya Idarus walikuwa wakililaumu jua. Sasa wakamlaumu Idarus.

Hapo ndipo alipoingia Mukhtar. Huyu ni fundi wa siasa. Amewafanyia kampeni wagombea watano, wote watano wameanguka, yeye bado amesimama. Ulipokaribia uchaguzi wa mwaka wa ishirini na mbili, alimwendea Idarus akamwambia kwamba wanaompigia makofi ni wengi kuliko wapiga kura wote wa wadi, hivyo kazi imekwisha kabla ya kuanza. Kiti kilikuwa cha mwakilishi wa wadi, vijiji vya kaskazini, Mkokoni na Kiwayu na majirani zao. Mamake Idarus ni mtu wa Kiwayu, kwa hiyo hakuna ambaye angesema mgeni huyo. Kilichokosekana ni cha kutilia mafuta boti, cha kupikia watu, cha kushonea fulana zenye picha yake. Na mnunuzi wa nyumba alikuwepo. Mjini kwetu mnunuzi wa nyumba ya mawe hakosekani. Akosekanaye ni mwenyeji wa kuikaa.

Mnunuzi huyo alikuwa mgeni mpole. Alikubali asiingie mpaka mwisho wa mwaka, na tukimrudishia chake kabla ya hapo, nyumba irudi. Waheshimiwa wakishaapishwa hupewa mkopo wa nyumba. Mpango ukawa umenyooka kama mstari wa kati: nyumba itanunua kiti, kiti kitanunua nyumba.

"Basi mwambie mkeo," nilimwambia Idarus.

"Mimi nikimwambia ataona namlazimisha. Wewe ndiwe walii wake. Panda juu wewe."

Nikapanda. Asmaa alikuwa ameketi chini anachagua mchele kwenye uteo.

"Kaka, umekuja kula au umetumwa?"

"Nimetumwa. Lakini nikikaribishwa sikatai."

Hakucheka. Dada yangu huniacha na mzaha wangu mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nikamweleza yote, kiti, mkopo, mwisho wa mwaka. Nilieleza vizuri. Nilieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaamini.

"Na Iman?" aliuliza. Iman ni binti yake, wakati ule ana miaka kumi na mmoja.

"Iman atakuwa binti wa mheshimiwa."

"Na babake akianguka?"

"Hataanguka. Watu wanampenda."

Akainamisha uso akarudi kwenye mchele. Akatoa kijiwe, akakiweka kando. Akatoa kingine.

"Nimwambie nini?" nikauliza.

Kimya. Nikangoja kidogo. Vijiwe vikawa vitano.

Sasa hapa ndipo nilipofanya upumbavu wangu, na ni upumbavu wa mtu aliyesoma chuo cha Kurani, si wa kuokota njiani. Miaka kumi na mitatu nyuma, baba akiwa ameshafariki, nilisimama kwenye chumba kile kile na mashahidi wawili nikamuuliza Asmaa kama nimuozeshe Idarus. Alinyamaza. Na kila mtu anajua, kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Nilishuka nikasema kakubali, akaozwa, watu wakala pilau. Mara hii pia nilishuka. Idarus na Mukhtar walikuwa wameketi nje ya mlango wananitazama midomo.

"Kakubali," nikasema.

Mukhtar aliisoma Fatiha mbio mbio, kama mtu anayefunga duka mvua ikija. Kesho yake nikatia sahihi kwa wakili.

Wiki tatu baadaye, adhuhuri, Asmaa alinijia kwa Mwanaarabu. Hakukaa.

"Kaka, kuna watu wawili wanapima kuta zangu."

"Si nilikuja kukuuliza?"

"Ulikuja. Nilikujibu nini?"

"Ulinyamaza. Hata siku ya ndoa ulinyamaza, ikawa ndiyo."

"Siku ya ndoa nilikuwa naona haya mimi. Ule mtele niliuchagua mara mbili nikingoja uone haya wewe."

Mwanaarabu alikuwa nyuma ya pazia. Alikohoa. Nimeishi naye miaka mingi, kikohozi kile nakijua.

Nikamwambia Asmaa aende kwa kadhi, nitasimama niseme kweli, kwamba sikupata neno lake.

"Nikamwambie kadhi nini? Kwamba ndugu yangu wa tumbo moja kaniuzia nyumba? Baba alikufa na jina zuri, mwache nalo." Akavuta buibui lake. "Mumeshaitia katika kura. Basi nendani mukashinde."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kampeni. Wengine walikuwa wanatafuta kiti. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa dada yangu.

Sikudanganyi, mwanzoni tulipendeza. Kila kijiji tulichofika watu walijaa ufukweni kabla boti haijafunga. Wazee walimshika mkono wasimwachie. Wanawake walimwita mwanetu. Walivaa fulana zake, na fulana zilipokwisha waliomba bango wakafunikie matangi ya maji. Mukhtar alihesabu vichwa akaandika, jioni akatusomea. Kwa vichwa vya Mukhtar tulikuwa tumeshinda mara mbili na nusu.

Mgombea mwenzetu, Hussam, hakuwa na watu ufukweni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkavu kama ubao wake. Lakini kila tulipofika tulikuta ameshapita. Amezika na watu. Amemsindikiza mgonjwa mpaka hospitali ya mjini akalala naye kule. Nilimwambia Idarus, shemeji, huyu anacheza bila mpira. Akacheka. Akasema mpira ndio unaohesabiwa.

Mkokoni ilikuwa mkutano wa mwisho. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Idarus alianza kusema habari za barafu, kwamba safari hii mashine itakuwa ya umma na itasimamiwa, na maneno yalikuwa ya maana, mimi ndiye niliyeyaandika. Hakufika hata nusu. Mtu alipaza sauti, "Winga, tuonyeshe!" Wengine wakaitikia. Mpira ukatoka, sijui wapi. Makasia mawili yakachomekwa mchangani yakawa goli, nami nikasukumwa katikati.

"Penalti moja tu," wakasema.

Nikamtazama. Nilimfanyia ishara ya kichwa, usipige. Lakini walikuwa wameshaanza makofi, yale ya pamoja, ya polepole, na nikauona uso wake unafunguka. Akavua viatu.

Mimi kazi yangu niliijua. Kama kuna kitu nakiweza duniani ni kukosa mpira. Alipoanza kukimbia nilijitupa kulia kabisa, nikala mchanga, nikamwachia upande wote wa kushoto, ungetosha kupitisha ng'ombe. Nikiwa chini nikasikia makofi yamekatika.

Goti lilikuwa limemwacha hatua ya mwisho. Aliugusa mpira kwa ncha ya kidole. Ukaja unabingirika taratibu, umechoka, ukasimama hatua mbili mbele ya mstari. Yeye alikuwa amepiga magoti kama mtu aliyesahau amesali rakaa ngapi.

Nilingoja kicheko. Kicheko tungekiweza, nimechekwa maisha yangu yote na bado nanenepa. Hawakucheka. Bi Barka, mama mmoja mzee wa pale ambaye wanawe wote ni wavuvi, aliingia ndani akatoka na kiti cha plastiki, akakiweka mchangani karibu naye.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Pumzika. Umetutumikia vya kutosha."

Akakaa. Watu mia tatu wakamtazama mgombea wao amekaa, wanamwonea huruma. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka matangani.

Nilimfuata Bi Barka mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia kuna nyumba nyuma ya kura hizi, kuna dada yangu na mtoto wa kike. Nilisema yote, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mpiga kura yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema hayo mapema ningekupikia," akasema. "Lakini kura hapana. Yule tunampenda, baba. Mtu unayempenda humtumi."

Idarus alikuwa wa tatu katika wagombea wanne. Kiwayu, kwa mamake, alipata kura tisa, na tukikaa tunaweza kuwataja tisa wenyewe kwa majina. Hussam alishinda bila hata kushangiliwa. Aliapishwa, akarudi, akaenda kumzika mtu.

Mwisho wa mwaka wakala wa mnunuzi alikuja, mtu wa adabu, akavua viatu mlangoni. Asmaa alikuwa amefagia nyumba nzima, juu na chini, hata chumba kilichokuwa kimefungwa tangu baba afe. Ndipo akatoa ufunguo. Idarus hakuwepo, alikuwa Mombasa kwa matibabu ya goti, au alisema hivyo. Nilimsaidia dada yangu kupakia punda vyombo. Nilitafuta la mzaha la kusema njiani na sikulipata, na ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kwangu sikuweza kumchukua, maana kwangu si kwangu. Alipanga vyumba viwili Wiyoni, paa la mabati, maji ya chumvi. Alianza kuchoma mahamri alfajiri, akauza mlangoni, akalipia kodi. Idarus aliporudi aliingia na sanduku lake, kama zamani. Iman akienda chuoni siku hizi hapiti Mkomani, huzunguka kwa nyuma. Nilimuuliza kwa nini anarefusha ndia.

"Ile ina jua sana, mjomba," akasema.

Haina jua. Kichochoro kile kuta zake ni ndefu hata saa sita hakina jua.

Sasa tufike kwenye mwezi uliopita. Nilikwenda Wiyoni na madumu mawili ya maji matamu, kama ninavyofanya kila Jumanne. Nikamkuta Idarus amesimama katikati ya chumba cha mbele, na mkononi ana karatasi ya Mukhtar. Asmaa anakanda unga. Nilijua lililokuwa linakuja. Nikaketi juu ya dumu.

"Ishirini na saba si mbali," Idarus alikuwa akisema. "Hussam amechoka. Watu wameanza kunung'unika. Mukhtar amepita vijiji vyote, anasema wanauliza Winga yuko wapi."

"Wanauliza goti lako," nikasema.

"Cheka, shemeji. Cheka. Safari hii sitaki kuuza kitu. Nataka chumba hiki cha mbele tu kiwe ofisi. Bango moja juu ya mlango."

"Na mahamri nitauzia wapi?" Asmaa aliuliza, mikono yake bado ndani ya unga.

"Nyuma."

"Nyuma ni choo."

"Basi pembeni. Kwa muda tu. Nikishapata kiti nitairudisha ile nyumba, mama Iman. Naapa. Kwanza yule mgeni haishi pale, amewapangishia watalii. Bakr, mwambie. Si ndiyo?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vijiji. Nikajikuta nawaza, Kiwayu tulikosea, tungeanzia Kiwayu. Nikajikuta nafungua mdomo. Asmaa alinitazama. Nikaufunga.

"Ulisema watu wanakupenda," akamwambia mumewe. "Nikaambiwa na kaka, watu wanampenda. Nikatoka kwa baba yangu kwa ajili ya watu wanaokupenda."

"Na wananipenda. Kura ni kitu kingine, kura zina hila zake. Lakini mapenzi yapo. Wewe huendi huko huoni. Hata jana mtu kanisimamisha gatini kunisalimu, simjui, machozi yanamlenga." Sauti yake ilikuwa imepanda, na niliisikia ile furaha ndani yake, ile ya makofi. "Asmaa, kutoka Mkokoni mpaka Kiwayu hakuna nyumba isiyonijua."

Asmaa aliufunika unga kwa kitambaa.

"Basi nenda ukachague moja," alisema, "ulale."